Kauri ya Mama Ngige

Lenah alikuwa kwenye sinki akisuuza kikombe cha kwanza alipoona vidole. Alikiinua kuelekea dirishani aone kama kimetakata, na jua la baada ya mvua likapenya ukuta wake mwembamba kama linavyopenya sikio la mtoto. Ndani ya ule weupe pakatokea kivuli cha vidole vilivyokikumbatia kikombe. Vidole virefu, vimelala sambamba. Lenah mwenyewe alikuwa amekishika kwa kishikio tu, kama alivyoagizwa.

Alikigeuza. Vidole havikugeuka nacho.

"Umevunja?" Sauti ya mkwewe ilitoka sebuleni.

"Hapana, Mama."

"Basi mbona umenyamaza?"

Lenah akakilaza kwenye taulo, akachukua kingine. Vilivyobaki aliviosha macho yakiwa kwenye povu.

Vyombo hivyo vilikuwa vimetoka mjini Kitale asubuhi ile, dukani kwa Premlata, ambaye alikuwa anafunga biashara ahamie kwa binti yake. Mama Ngige, mjane mwenye shamba kubwa la mahindi kando ya barabara ya Suam, alikwenda kununua kabati la vioo. Ndani ya kabati akakuta seti nzima ya chai imefungwa kwa pamba: birika, vikombe, visahani, bakuli la sukari, vyote vyeupe kama maziwa.

"Kabati chukua, Mama Ngige," Premlata alimwambia. "Hivi hapana."

"Nimenunua kabati na kilichomo."

"Hii ni boni chaina. Ndani yake iko majivu ya mifupa ya ng'ombe. Sisi hatuli nyama, hatuweki mdomo hapa. Mume wangu Mahesh aliagiza kwa ajili ya wageni, halafu akaanza kunywea yeye mwenyewe. Alisema hayo ni mambo ya wazee." Premlata akarudisha pamba juu ya birika. "Si uliona vile alikufa?"

Mama Ngige aliona. Mji mzima uliona mwanamume mrefu akikunjika mwaka baada ya mwaka, mpaka mwishowe akawa analetwa dukani amebebwa kwenye kiti kama furushi la nguo.

"Huo ni ugonjwa wa uzee tu," Mama Ngige alisema. "Funga vizuri visigongane."

Premlata alimgeukia Lenah, aliyekuwa amekumbatia sanduku. "Binti, weka viangaliwe tu. Usinywee."

"Huyu?" Mama Ngige alicheka. "Huyu hata hatavikaribia. Huyu ni wa kuosha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwake tangu Ngige, mwanawe wa pekee, alipomwoa msichana wa Kibukusu kutoka Kibabii badala ya wale mabinti wa kanisani aliochaguliwa. Mama Ngige hakupiga kelele. Alimpa Lenah funguo za jikoni na hakumpa kiti sebuleni. Sasa kila saa kumi jioni, mama mkwe na wageni wake walikunywa chai kwenye kauri, na Lenah alikunywa yake amesimama kando ya meko.

Hata wazazi wake walipokuja kumwona mjukuu, chai yao ililetwa kwenye vikombe vya plastiki, huku kauri ikimetameta kabatini mbele ya macho yao.

"Wageni wengine ukiwapa vitu laini mikono inaanza kutetemeka," Mama Ngige alieleza, akitabasamu.

Bramwel, babake Lenah, alitazama viatu vyake. Mamake alikunywa yote, akasema asante, na kabla ya kuondoka akakiosha kile cha plastiki mwenyewe.

Sauti ilianza siku chache baada ya kabati kuingia. Wageni walikuwa wameondoka, vyombo vimefungiwa, na Lenah alikuwa ameinama akiokota makombo ya keki kwenye zulia. Akasikia kitu kikitafuna. Haikuwa sauti ya panya, maana panya hukwaruza. Hii ilikuwa sauti ya mbwa aliyelala kivulini na mfupa wake, hana haraka, anaubana kwa magego mpaka uvunjike, anapumzika, anaanza tena. Ilitoka kabatini. Lenah alipopiga hatua moja kuelekea huko, ilikoma, na nywele zikamsimama, kwa sababu alihisi kwamba yule aliyekuwa akila alikuwa ameinua kichwa.

Kisha ikaja harufu, ya kwato zinapobabuliwa motoni.

"Unachoma nini huko?" Mama Ngige alifoka kutoka chumbani.

"Sijachoma kitu, Mama."

Jumapili moja Mary Ann, rafiki wa Mama Ngige wa kanisani, ambaye alivisifu vile vyombo kuliko mtu yeyote, aliinua birika amsaidie mwenyeji kumimina. Kifundo cha mkono wake kikalia *tah*, kama kijiti kikavu. Hakuwa ameanguka wala kugongwa. Aliutazama mkono wake unavyoning'inia, akacheka kwanza, maana uchungu ulikuwa haujafika. Halafu akapiga mayowe. Lenah, aliyekuwa mlangoni na trei, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: birika lilibaki hewani kitambo, bila mtu, kisha likatua mezani taratibu na halikumwaga hata tone.

"Tumshukuru Mungu," Mama Ngige alisema gari la kumpeleka Mary Ann hospitalini lilipoondoka. "Birika ni zima."

Baadaye likamfika Mama Ngige mwenyewe. Alikuwa akinywa, akasita, akatema kitu kikombeni kikalia *ting*. Jino. Halikuwa limeoza wala kutoboka. Alikisukuma kikombe kwa Lenah, na Lenah akakibeba kwenda jikoni mikono miwili. Alipofika kwenye sinki jino halikuwemo. Kikombe kilikuwa kikavu, safi, kama kilichorambwa.

Haya yote Lenah angeyavumilia. Alikuwa amezoea kuvumilia. Lakini alikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu: Mukami. Wote walimwita Kami.

"Mtoto aliyebeba jina langu hanywi kwa plastiki," Mama Ngige alitangaza, na kuanzia siku hiyo Kami alikaa sebuleni kila saa kumi, miguu ikining'inia kitini, kikombe cha kauri mikononi mwake. Lenah aliruhusiwa kutazama kutoka mlangoni.

"Shosho," Kami alisema siku moja, akikiteremsha kikombe mapajani. "Huyu anamaliza chai yangu."

"Nani, mrembo wangu?"

"Huyu wa upande ule. Mimi nakunywa hapa, yeye anakunywa hapa." Alionyesha ukingo wa mbele wa kikombe kwa kidole chake kidogo. "Ananiangalia tukikunywa."

Lenah alivuka zulia bila kuombwa ruhusa, akanyoosha mkono achukue kikombe. Mama Ngige akaupiga ule mkono kwa kijiko.

"Toa mkono wako hapo."

"Mama, nakuomba. Mtoto asinywee hicho."

"Unamwonea wivu mtoto wako mwenyewe?" Mama Ngige alitikisa kichwa. "Kunywa, Kami. Kunywa umalize."

Kami alinywa akamaliza. Wiki hiyo hiyo alikuwa akimfukuza kuku uani, kwenye nyasi, mahali tambarare pasipo jiwe wala shimo, na mguu wake ukakunjika katikati ya muundi, mahali ambapo mguu wa binadamu hauna kiungo.

Daktari aliiweka picha ya mguu kwenye taa akaitazama kwa muda mrefu. Mfupa ulikuwa umejaa vitundu kama sifongo. "Mtoto hanywi maziwa?" aliuliza.

"Tuna ng'ombe, daktari," Ngige alijibu. "Kunywa anakunywa."

Mtoto alipofungwa plasta, Lenah alimvuta mumewe pembeni ya veranda ya hospitali.

"Ni vile vyombo."

"Lenah, usianze."

"Mary Ann, mkono. Mama, meno. Sasa Kami. Mimi peke yangu sijawahi kunywea, na mimi peke yangu niko mzima. Hata wewe, unafikiri sioni unavyoshika mgongo ukiinuka?"

Ngige aligeuka akaangalia mlango, ingawa mamake alikuwa nyumbani. Akanong'ona, "Ukimwambia hivyo atasema wewe ndio umeleta uchawi. Ati ni mambo ya kwenu. Wacha tu."

Lenah hakuacha. Aliaga kwamba anampeleka mtoto akasalimie bibi yake mwingine, akaenda naye hadi Bungoma mjini, kwa Maalim Barasa, mzee aliyefundisha watoto Kurani nyuma ya soko. Bramwel alikuwa Mkristo wa Kwekeri, lakini Barasa alikuwa rafiki yake tangu utotoni, na ndiye aliyeitwa pale maombi mengine yaliposhindwa.

Maalim aliweka kiganja juu ya plasta, akasoma kwa sauti ya chini. Harufu ya kwato zilizobabuliwa ikafuka kutoka mguuni mwa mtoto, ikajaa chumba. Aliutoa mkono wake haraka.

"Mnakulia vyombo gani kwenu?" aliuliza.

Lenah akamweleza.

"Mifupa ni chakula cha majini, mama. Sisi tukila nyama tunatupa, wao wanaokota. Ndiyo riziki yao tangu zamani. Watu wakiichoma wakaifanya vyombo, majini wengi hupita tu. Lakini mmoja akiifuata riziki yake mpaka kabatini, ile ni sahani yake. Nyinyi mmeketi mkala kwenye sahani yake bila kualikwa. Sasa na yeye anakula kwenu."

"Tukivunja?"

"Kila kipande kitakuwa mdomo." Alimfunika Kami leso. "Njia ni mbili. Ya kwanza, mwenye vyombo aingie naye chumbani, mlango ufungwe, amwandalie kwa mkono wake mwenyewe, amwache ale mpaka ashibe. Akishiba ataondoka, na vyombo vitarudi kuwa majivu. Atakula nini na kiasi gani, anajua mwenyewe. Ya pili, vyombo vitolewe zawadi. Atakayevipokea kwa kupenda na kunywea, jini atahamia kwake na wale wengine watapona." Akamtazama Lenah usoni. "Hiyo ya pili nakwambia uiogope."

Lenah alirudi Kitale na kumwambia mkwewe kila kitu, neno kwa neno. Alidhani kwamba mtu anayempenda mtoto hivyo atakubali lolote kwa ajili yake.

Mama Ngige hakucheka. Alikuwa akilipapasa shavu lake, mahali ambapo meno matatu yalikuwa yameondoka. "Nikae naye peke yangu," alisema polepole. "Ale anachotaka."

"Ndiyo, Mama."

"Na hiyo nyingine, ulisema lazima mtu apokee kwa kupenda?"

"Ndivyo Maalim alisema. Lakini hiyo hapana."

"Hapana, hapana. Nilikuwa nauliza tu."

Jumamosi asubuhi alimkuta Lenah jikoni, akamkumbatia. Haikuwa imetokea tangu harusi. "Niliwakosea wazazi wako," alisema. "Twende Kibabii niwaombe msamaha, halafu tupite kwa huyo Maalim tumalize hii kitu." Lenah alilia begani mwake. Aliyapakia masanduku ya kauri garini kwa mikono yake mwenyewe.

Mamake alitoka mbio uani akijifunga leso, akapiga vigelegele alipoona ni nani. "Kalibuni! Kalibuni sana, wakwe!" Bramwel alipanga viti. Ngige alikaa karibu na mlango. Lenah akamlaza Kami mapajani, mguu wa plasta ukiwa umenyooshwa. Kabla mtu yeyote hajauliza habari za safari, Mama Ngige alikuwa ameshafungua sanduku na kupanga kauri mezani.

"Mkwe wangu," alimwambia mamake Lenah, "siku ile niliwanywesha kwa plastiki, na sijalala vizuri tangu hapo. Hivi ndivyo vyombo ninavyovipenda kuliko vyote. Sasa ni vyako."

Yule mama alifunika mdomo kwa mikono miwili. "Mimi? Hivi vyote?"

"Vyote. Mimina chai, unywe ya kwanza nikiona. Hapo nitajua umenisamehe."

Lenah alifungua mdomo aseme. Mama Ngige akamwinamia kama anayemtengenezea mtoto leso, na pumzi yake yenye harufu ya fizi mbichi ikampiga sikioni. "Nyamaza," alinong'ona. "Kami ana maisha mbele yake. Mama yako amekula chumvi ya kutosha."

Naye Lenah alinyamaza. Alinyamaza mamake alipomimina chai, alinyamaza sukari ilipokorogwa, na muda wote huo uzito wa ule mguu mdogo ulikuwa juu ya paja lake na macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mamake, mikono iliyopasuka kwa jembe, ikikiinua kikombe kwa woga kama inayoinua yai la ndege, na mamake akitabasamu kwa fahari ambayo Lenah hakuwa ameiona usoni mwake tangu aolewe, mpaka ukingo mweupe ukagusa mdomo.

"Mayi, usinywe!" Lenah alimpigia mamake kelele.

Akawamwagia siri yote. Jini, mifupa, Maalim, njia ya pili. Bramwel alisimama. "Toa hivyo vitu kwangu," alimwambia Mama Ngige. Lenah alimgeukia mumewe. "Ulijua?" Ngige alikuwa akichunguza kucha zake.

Mamake hakuwa amekiteremsha kikombe. "Nikinywa, mtoto ataachwa?"

"Mayi..."

"Nimekuuliza."

"Maalim alisema ataachwa."

Mayi alimtazama Kami, akautazama mguu. Kisha akamtazama mgeni wake. "Umenidanganya, mkwe. Rakini zawadi nimepokea." Akakiinamisha kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho kama anayekunywa dawa.

Harufu ilipanda kutoka kwenye plasta, ikapita juu ya meza, na kitambaa cha meza kikajikunja kama kilichoguswa na ubavu wa mnyama.

"Ametoka, Mama," Kami alisema. "Ameenda kukaa na Kukhu." Akamnyooshea kidole bibi yake mwenye kikombe.

Mama Ngige alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Ngige, tuwahi kabla ya mvua," alisema. Lenah alipokataa kuinuka, gari liliondoka bila yeye na bila mtoto.

Mayi alikataa kumngoja jini ammalize kidogo kidogo. "Sitamlea huyu," alisema, akaomba Maalim aitwe. Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya migomba, aliibeba trei yenye vyombo vyote akaingia nayo jikoni, ile nyumba ndogo ya udongo iliyo uani, akafunga mlango. Waliokuwa nje walisikia chai ikimiminwa, wakamsikia akisema, "Kalibu, mgeni, kula," kwa sauti ile ile aliyotumia kwa kila mtu, kisha wakasikia kutafuna. Lenah aliijua ile sauti lakini hakuwa amewahi kuisikia ikiwa na njaa namna hii, ikipasua na kusaga na kufyonza bila kupumzika, na chini yake kulikuwa na sauti nyingine, ya mamake akiimba wimbo wa kanisani meno yameumana, mstari mmoja tu, akiurudia na kuurudia kila ulipokatika, na Bramwel alikuwa amepiga magoti matopeni ameziba masikio, na Maalim akisoma machozi yakimtiririka, mpaka kimya kilipokuja kikawa kizito kuliko kelele.

Mlango ulifunguliwa. Mayi alitoka akitembea. Mkono wake wa kulia, ule aliomwandalia mgeni, ulikuwa mzima kwa ngozi, hauna jeraha wala tone la damu, lakini kuanzia kiwiko kwenda chini ulining'inia kama soksi iliyolowa. Hapakuwa na mfupa hata mmoja ndani. Nyuma yake trei ilikuwa imejaa majivu.

Maalim aliyazoa akaenda kuyazika. "Ameshiba, ameondoka," alisema. "Lakini hasahau alikolishwa. Yeyote aliyewahi kunywa naye asiweke tena chombo cha mfupa mezani." Lenah alimpigia Ngige simu, akampa ujumbe huo. Ngige alisema sawa.

Mguu wa Kami uliunga. Lenah alipata kazi ya kufundisha chekechea karibu na Kibabii, akabaki kwa wazazi wake. Alimtazama Mayi akijifunza kuwasha moto kwa mkono wa kushoto, kufunga leso kwa meno, kulala na ule mwingine umefungwa kifuani usije ukabanwa na mlango. Mayi hakulalamika. Lenah ndiye aliyeamka kila usiku akautazama ule mkono. Kutoka Kitale habari zilifika: Mama Ngige ametengenezewa meno mapya, amechaguliwa mwenyekiti wa akina mama, na kwa kuwa mwenyekiti hawezi kuwapa wageni glasi, ameagiza seti nyingine ya boni chaina, yenye ukingo wa dhahabu.

Alasiri moja ya masika teksi ilisimama barabarani. Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia uani. Lenah, aliyekuwa akichambua mboga, aliinua uso na kumwona mwanamke akija kwa magongo mawili, mfupi kama mtoto wa shule, mgongo umekunjika, uso umebonyea kama mfuko uliotolewa vitu. Shingoni alikuwa amening'iniza kifurushi cha kitambaa. Lenah alimtambua kwa sauti.

"Kami wa Shosho! Kuja uone kile nimekuletea."

Kami alikimbia akanyoosha mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea. Lenah alifika kabla yake. Alikitoa kifurushi shingoni mwa mkwewe, akafungua ncha ya kitambaa, akaona dhahabu ya ukingo.

"Kami, nenda kwa posho mill umwite Kuka," alisema. Mtoto akaenda kwenye kinu cha unga kumwita babu yake.

"Ni ya mtoto," Mama Ngige alisema. "Ni kikombe tu."

"Naona."

"Lenah, utanisaidia. Ananila nikiwa macho. Ngige hawezi hata kutoka kitandani. Wewe hujui vile inakuwa."

"Najua. Nilisimama nje nikasikia." Akamshika kiwiko. Chini ya ngozi palikuwa laini kama ugali wa moto. "Karibu jikoni, Mama. Mgeni hanywi chai uani."

Mama Ngige alifuata, akishukuru, akidhani zawadi yake imepokelewa. Lenah alimkalisha kwenye kigoda kando ya meko, akaweka kikombe mbele yake, akakijaza chai kutoka kwenye sufuria.

"Mwandalie," alisema.

"Nani?"

Lenah alitoka, akaufunga mlango, akasukuma komeo.

Kwanza aliitwa kwa jina. Halafu aliitwa mwanangu, neno ambalo hakuwahi kuitwa katika nyumba ile ya Kitale. Alijibanza mlangoni akausikia ubao ukigongwa kwa kitu kisicho na ugumu, kofi laini, kofi laini, na maombi, na jina la Yesu, na ahadi za shamba na nyumba na heshima, na harufu ikatoka kwenye nyufa za ukuta ikamwingia puani mpaka machozi yakamtoka, kisha kutafuna kukaanza, taratibu kwanza, kama mbwa aliyelala kivulini, halafu kwa kasi, na yule aliyekuwa ndani hakuwa na wimbo wa kuimba, alikuwa na yowe tu, moja refu lililokuwa likipungua umbo, likipoteza taya, likipoteza meno, likawa hewa inayopita kwenye nyama.

Mayi alitokea migombani na mzigo wa kuni kichwani. Akautupa.

"Nani yuko ndani?"

"Mama Ngige."

"Mfungulie." Mayi alikuja mbio, mkono wa kulia ukipigapiga kifuani, wa kushoto umenyooshwa kwenye komeo. "Lenah, mfungulie! Mimi najua vile inauma. Mwanangu, mfungulie!"

Lenah aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mamake, bila kuuminya, kama anayemzuia mtoto asiguse moto, akaukaza pale pale juu ya komeo.

"Ngoja, Mayi," alisema. "Bado hajashiba."